Namba ya Kipenzi

Salio la Fundi lilikuwa linavuja, na mkewe alitaka kujua linavujia wapi.

"Asubuhi umeweka vocha," alimwambia wakiwa mezani. "Jioni unaniomba simu yangu umpigie mteja. Katikati hapo ulikuwa unaongea na nani, waziri?"

"Wateja, mke wangu. Watu wa sponji. Watu wa mbao. Kazi ya makochi siku hizi ni kuongea tu."

Mkewe alimtazama bila kupepesa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na kila mtu, hata mumewe, alimwita Mwalimu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusikiliza watu wafupi wakikana kula chaki huku midomo ikiwa myeupe. Uongo aliutambua kwa harufu. Lakini jioni hiyo aliunyamazia, akaja na dawa nyingine.

"Basi hama kampuni. Kuna hawa wapya, wana kifurushi cha bei ya kutupa, na namba yako inabaki ile ile. Unachagua mtu mmoja, wanamwita Kipenzi, unaongea naye mpaka masikio yaote malengelenge, na bei yake haifiki nusu ya hizo vocha zako. Wengine unawapigia kwa dakika chache za kawaida."

Fundi aliacha kutafuna. "Mtu mmoja? Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Twende kesho," alisema Fundi, kwa haraka iliyomshtua hata yeye mwenyewe.

Kibanda cha wakala kilikuwa kimebanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Binti wa kibandani alikuwa na kucha ndefu zilizogonga kioo cha simu ta-ta-ta kama kuku anayedonoa. Alichukua kitambulisho cha Fundi, akampiga picha iliyomtoa kama mtu anayetafutwa na polisi, akachomeka laini mpya, kisha akainua uso.

"Umeshahamia, baba. Sasa nitajie namba ya Kipenzi."

Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za barabarani. Waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mwalimu aliweka kola yake sawa, kama anayesubiri kupigwa picha na yeye.

Fundi alikohoa. "Mke wangu, mchana simu yako si inafungiwa kabatini? Shuleni kwenu hawaruhusu. Na jioni tuko wote. Nikikuweka wewe tutakuwa tunatupa hela."

Ilikuwa hoja nzuri, tena ya kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Mwalimu. "Haya. Muweke mama yako basi. Yuko mbali, na kila akinipigia analalamika kwamba umemsahau."

"Mama! Hasa! Ndiye niliyekuwa namfikiria," alisema Fundi huku jasho likimtoka nyuma ya masikio. "Nitaiweka nikitulia karakana. Hapa kuna fujo, nisije nikakosea tarakimu bure."

"Ni rahisi, baba," alisema binti, akimwokoa bila kujua. "Unafuata menyu tu."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, kimejaa sponji, springi, vipande vya vitambaa na makochi yasiyo na nguo. Alipofika alirudisha mlango nusu, akakaa juu ya kochi la mteja, akaingiza namba. Haikuwa ya mama yake. Ujumbe ukarudi: *Hongera! Kipenzi wako amesajiliwa.* Akapiga hapo hapo.

"Nimekuweka," alinong'ona.

"Umeniweka wapi?" ikauliza sauti nzito ya mzee.

"Kwenye kifurushi. Wewe sasa ndiye Kipenzi wangu."

"Mimi, baba mkwe wako, unaniita nani?"

"Ni jina la kifurushi, mzee. Sikulitunga mimi."

"Aa. Haya. Tuliacha ukiwa umesimama kumi na nane. Zamu yako."

Ukoo mzima ulijua kwamba watu hawa wawili hawasemezani. Chanzo kilikuwa kochi. Fundi alikuwa amemtengenezea baba mkwe wake kochi kubwa la sebuleni, zawadi, kitambaa cha kijani, vifungo mgongoni. Likapendeza. Siku Mzee alipowakaribisha viongozi wa ushirika, watu wazima waliovaa tai, akajishusha juu yake taratibu kwa heshima zote, nalo likatoa mlio. Mlio wenyewe hauandikiki. Ulikuwa mrefu, ulianza chini ukapanda juu, na mwisho wake ukawa na swali. Wageni waliangalia dari. Mmoja akafungua dirisha.

Mzee alimpigia Fundi akamwambia ameweka springi za mabaki. Fundi naye, kwa hasira, akasema springi hazina kosa, aulizwe aliyezikalia. Basi. Mzee akaapa kutokanyaga kwa Fundi, Fundi akaapa kutokanyaga kwa Mzee, na Mwalimu na mama yake wakabaki katikati kama ukuta wa nyumba mbili.

Wasichokijua ni kwamba miezi kadhaa baadaye Mzee alimpigia tena mkwe wake. Alikusudia kumtukana upya, maana matusi ya kwanza aliona yalikuwa machache. Lakini siku hiyo alikuwa amekaa peke yake mbele ya ubao wa drafti. Rafiki aliyekuwa akicheza naye alikuwa amehamia kwa wanawe, na Mzee alikuwa akicheza pande zote mbili, akishindwa zote mbili. Alipomaliza kutukana, hakukata simu. Akasema, "Na kwa kuwa unajifanya unajua kila kitu, hebu niambie. Kete yangu iko pembeni, mbele yake zipo mbili za adui. Wewe ungefanyaje?"

Fundi alifikiri. Akamjibu. Jibu lilikuwa sahihi, na Mzee akakasirika zaidi, akampigia tena kesho yake.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila mmoja alikuwa na ubao wake, Mzee chumbani, Fundi karakana, na vizibo vya soda ndio kete. Vyumba vya ubao walivipa namba, mmoja akitaja, mwingine akisogeza pande zote mbili. Fundi ndiye aliyekuwa akipiga, maana Mzee alisema mkubwa hampigii mdogo kila siku. Salio likawa linayeyuka.

Kwa nini hawakupatana tu? Waliwahi kulizungumza. Fundi alisema wakipatana itabidi aende kila Jumapili, akae kwenye ncha ya kiti, aseme "ndiyo mzee" na "hapana mzee", na amwache ashinde, kwa sababu mkwe hawezi kumla baba mkwe wake kete tatu kwa mpigo kisha akacheka mbele yake. Kwenye simu hakukuwa na uso. Kwenye simu aliweza kusema, "Mzee, hapo umekaa kama mbuzi kwenye lami," na Mzee akajibu, "Wewe subiri, nitakunyoa bila maji." Mzee mwenyewe aliongeza kwamba watu wanaopatana huitiwa kikao, na kikao kikiitwa kitaongozwa na mdogo wake, na mdogo wake akishika hotuba haiachi mpaka watu wazeeke.

"Tuendelee kugombana," alisema Mzee. "Ndiyo amani yenyewe."

Ugomvi huo mtamu ulivunjwa na mama yake Fundi, ambaye alimpigia Mwalimu jioni moja akiwa anaanua nguo.

"Mkwe wangu, mwenzio mzima huko? Maana tangu mwezi uanze sijasikia sauti yake."

"Hajakupigia, mama? Hata mara moja?"

"Hata kubipu."

Mwalimu alisimama na shati la mumewe mkononi. Alikumbuka kwamba wiki hiyo, alipopita karakana bila kutarajiwa, alimsikia Fundi nyuma ya mlango akisema kwa sauti laini, "Njoo, njoo karibu, usiogope," kisha akacheka cheko ambalo nyumbani hajalicheka tangu harusi. Alipoingia, Fundi aliitumbukiza simu ndani ya sponji.

Kipenzi, alijiambia. Ndiyo maana aliruka haraka vile. Kipenzi kweli kweli.

Hakupiga kelele. Alisubiri. Na siku haikuchelewa, maana mwezi ulipoisha kampuni yenyewe ilileta taarifa. Fundi alikuwa bafuni, anaimba. Simu ikatetemeka juu ya kabati la vyombo, Mwalimu akaichukua huku akiandaa kichwani maneno ambayo hajawahi kuyatamka mbele ya watoto. Akasoma:

*Mteja wetu, muda wako na Kipenzi unaisha leo. Kuendelea naye bonyeza 1. Kumuacha bonyeza 2.*

Na chini yake ikafuata namba ya huyo Kipenzi.

Mwalimu aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, akakaa. Namba ile hakuhitaji kumuuliza mtu. Aliijua tangu akiwa msichana. Ilikuwa namba ya baba yake.

Kwanza alishusha pumzi. Kisha akacheka, ngumi mdomoni ili wa bafuni asisikie. Kisha zile safari zote za kubembeleza zikamjia, machozi yote aliyomlilia huyu na yule, "baba msamehe," "mume wangu jishushe," na cheko likamkauka. Akatazama tena kioo. Kumuacha bonyeza mbili.

Akabonyeza moja.

Kesho yake alikwenda kwa mama yake, aliyekuwa na duka dogo la nyuzi na vifungo mbele ya nyumba. Alimweleza akiwa ameegemea meza, kwa sauti ya chini, maana Mzee alikuwa ndani, amejifungia "kulala usingizi wa mchana".

Mama Mkwe, kama Fundi alivyomwita, alisikiliza mpaka mwisho huku akipanga vifungo kwa rangi. "Kumbe," alisema hatimaye. "Mimi nilidhani anaota. Kila nikipita mlangoni namsikia: nimekula mbili, nimekula tatu. Nikasema masikini, mume wangu analala na njaa. Nikawa namwongezea chakula. Mtazame tumbo lilivyokua!"

Walicheka mpaka mteja aliyekuja kununua zipu akaondoka bila kuhudumiwa.

"Tuwaumbue leo leo," alisema Mwalimu.

"Haraka ya nini? Wametuchezea sisi mwaka mzima. Na sisi tucheze kidogo."

Jioni hiyo Mwalimu aliweka chakula mezani na uso wa msiba. "Mama anasema baba haonekani vizuri. Tangu juzi hali, hasemi, hata kichwa hainui."

"Nani, Mzee?" alisema Fundi. "Wapi! Leo mchana alikuwa ana nguvu za..."

Tonge likasimama.

"Alikuwa ana nguvu za nini?" aliuliza Mwalimu kwa upole, ule upole wa kumuuliza mtoto chaki imekwenda wapi.

"Alikuwa... nasema kwa kawaida. Mzee yule kwa kawaida ana nguvu. Zamani. Nilipokuwa namjua."

"Pole, mume wangu. Naona umeumia."

"Nimeumia sana," alisema Fundi, akanywa maji glasi nzima.

Upande wa pili Mama Mkwe alimwambia Mzee kwamba amesikia mkwe wao amefilisika, karakana imefungwa, amekuwa mtu wa kuzurura. "Mwongo huyo!" alifoka Mzee. "Ana oda ya viti vya hoteli mpaka analalamika mgongo!" Kisha akaona jinsi mkewe anavyomtazama, akaongeza kwamba hayo kayasikia redioni.

"Redioni," alirudia Mama Mkwe. "Mgongo wa mkwe wetu umetangazwa redioni."

Waliendelea hivyo mpaka walipotosheka. Kisha wakatoa adhabu yenyewe: kikao. Na wa kukiongoza akaalikwa yule yule aliyeogopwa, Baba Mdogo, mdogo wake Mzee, mwenyekiti wa zamani wa kila kitu kilichowahi kuwa na mwenyekiti. Alikuja Jumapili na suti nzito ya kijivu, miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuvulia. Yeye hakuambiwa siri. Mwalimu alisema uso wake ukiwa na imani ndipo adhabu itakolea.

Wagombanaji waliketi pande mbili za sebule ya Mzee. Fundi alisema, "Shikamoo, mzee," akiangalia zulia. Mzee alisema, "Marahaba," akiangalia feni. Siku moja kabla, mchana wa Jumamosi, walikuwa wamekubaliana kwenye simu watakavyoigiza: Fundi ataomba radhi, Mzee atagoma kidogo ili isionekane rahisi, kisha atakubali, na watu wale chakula waondoke.

Baba Mdogo alilala ndani ya hotuba yake kama mtu aliye kwenye kitanda chake mwenyewe. Aliongea juu ya babu zao, juu ya udongo, juu ya damu, akarudi kwa babu zao. Fundi alisinzia macho wazi. Mzee alimtupia jicho mkewe la kuomba msaada, naye mkewe akatikisa kichwa kwa kuguswa, akasema, "Endelea, shemeji. Maneno mazito haya."

Hatimaye Baba Mdogo akapangusa miwani. "Sasa wenyewe waseme. Mkwe, anza."

Fundi alisimama. "Mzee wangu, nilikukosea. Nilisema maneno kuhusu... uzito. Naomba unisamehe."

"Ni vigumu," alisema Mzee, akifuata mpango. "Moyo wangu umejeruhiwa. Lakini nitajaribu." Hapo angenyamaza, mambo yangeisha. Ila alikuwa ameshindwa vibaya jana yake, na jeraha la kweli lilikuwa bichi. "Nitajaribu, ingawa mtu mwenyewe ni mgumu kuaminika. Ni mtu wa kurudisha kete."

Fundi, aliyekuwa anakaa, akasimama tena. "Nilirudisha lini?"

"Mimi nilikuwa nimefika mwisho wa ubao, kingi kabisa! Wewe ukasema hukusikia!"

"Mzee, ulisema ishirini na mbili. Nikala. Ndipo ukaja kusema ulisema ishirini na tatu, eti ulikuwa na kikohozi!"

"Nilikuwa na kikohozi!"

"Kila ukikaribia kufa unakuwa na kikohozi!"

Baba Mdogo alikuwa amesimama katikati, miwani yote miwili mkononi. "Hebu. Hebu. Hayo yalitokea lini?"

"Jana!" walijibu wote wawili, kwa pamoja, kwa nguvu.

Fundi alikaa polepole, na lile kochi la kijani likatoa mlio wake, wote, mpaka kwenye swali. Ndipo Mwalimu na mama yake waliposhindwa kabisa. Mwalimu alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mabega yakitetemeka, na Mama Mkwe akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha meza bila kukitoa mezani.

"Mlijua," alisema Mzee.

"Tunajua tangu mwezi uliopita, Kipenzi," alisema Mama Mkwe.

Fundi alimtazama mkewe. "Ulikuwa unaniacha niseme uongo," alisema.

"Na wewe uliniacha nilie," alisema Mwalimu. Hapo hakuwa anacheka. "Nilikuwa nawalilia nyinyi wawili, na nyinyi mnakula kete."

Mzee alikohoa, safari hii kwa haki. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyesema waendelee kugombana. Alisema nyumba ilikuwa kimya tangu rafiki yake ahame, na kwamba kusubiri ile simu ya mchana kulikuwa kumempa sababu ya kunyoa ndevu. Alilisema hilo haraka, akitazama pembeni. Mwalimu alikwenda akamshika bega. Kisha akamfinya.

"Kwa hiyo," alisema Baba Mdogo, ambaye bado alikuwa amesimama, "mimi nimevaa suti hii kwenye joto hili kwa ajili ya watu waliopatana?"

"Hasara si yako peke yako, shemeji," alisema Mama Mkwe, akaingia chumbani, akatoka na ubao wa drafti. Akauweka juu ya meza. "Haya. Chezeni. Tuone kitu kilichotufanya wajinga."

Wakacheza. Ilikuwa aibu tupu. Fundi, uso kwa uso na baba mkwe wake, alisogeza vizibo kwa mikono miwili. Alipopata nafasi ya kula aliiruka. Alipoliwa alisema asante. Mzee naye alishindwa kutukana mbele ya binti yake, akawa anasema, "Karibu, mkwe, sogea tu," kama anayemkaribisha chakula.

"Mbona unacheza kama mgeni?" alinong'ona Mzee kwa hasira.

"Siwezi, mzee. Nakuona."

Mzee alifikiri. Akainuka, akachukua simu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Punde wakamsikia akipanga vizibo kwenye ubao wa akiba aliouficha chini ya kitanda. Fundi alitoa simu yake mfukoni, akapiga.

"Haya, mbuzi wa lami," alisema Fundi kwenye simu. Mwalimu akaziba mdomo. Hajawahi kumsikia mumewe hivyo. "Nimetoka kumi na mbili, niko kumi na sita. Njoo unipate."

"Nakuja na wembe!" ikajibu simu, na mlango wa chumbani nao ukajibu.

Mchezo ulipamba moto. Mwalimu na mama yake waliwaacha, wakaenda dukani mbele kupanga nyuzi na kuulizana kama kifurushi kile kinakubali mtu na mama yake. Baba Mdogo alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akajifanya anatafuta maji ya kunywa. Alizunguka meza mara kadhaa. Mwishowe akavuta kigoda, akaketi begani kwa Fundi, na kumwonyesha kwa kidole kete moja ya pembeni.

"Sogeza hiyo," alimnong'oneza. "Yule tangu utotoni haoni upande wa kushoto."

"Nakusikia wewe!" ikafoka sauti kutoka chumbani. "Mwenyekiti gani anapendelea!"